Nyota nne kwa umeme wa gridi hapa Songea

Nina mashine ya kukoboa na kusaga mahindi mtaa wa Lizaboni, Songea mjini. Umeme naupima kila siku kwa vidole viwili: nachota unga unaotoka, nausugua kati ya gumba na shahada. Umeme ukiwa umetulia, unga unateleza kama poda. Ukipungua, mota inabadilisha sauti, inaanza kunguruma kwa chini kama mtu mwenye mafua, na unga unatoka wa moto, una chenga. Mteja wa dona atavumilia. Wa sembe anarudisha ndoo yake palepale, na ana haki.

Mashine aliianzisha marehemu baba kwa injini ya dizeli, ile ya kuzungusha hendeli hadi bega liume. Shati lake la kazi lilinuka mafuta hata mama alifue mara tatu. Baadaye tukafunga mota, lakini injini hatukuthubutu kuiuza, kwa sababu mpaka mwaka 2018 Songea haikuwa kwenye gridi ya taifa. Mji ulitegemea sana majenereta ya dizeli, na mafuta yake yalikuja kwa barabara kama mafuta ya injini yetu. Zamu ya umeme ikiangukia usiku, tulisaga usiku. Nimeshuhudia akina mama wamelala juu ya magunia yao nje ya kibanda, wanasubiri taa iwake.

Kilichobadilisha mambo ni njia ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako hadi hapa, kilomita 250, pamoja na vituo vya kupoza umeme vya Madaba na Songea. Fedha zilitoka kwa serikali yetu na ya Sweden. Rais Magufuli alipokuja kuuzindua mradi Aprili 2019, sisi wa mashine tulikuwa tumeshauonja. Wiki ile ya kwanza nilisaga kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni bila kusimama, hadi nikaingiwa na wasiwasi kwamba mota haijazoea. Nilikuwa naigusa kwa kiganja kila baada ya nusu saa. Injini ya baba niliiuza mwaka uliofuata, na nililia kidogo.

Napenda pia kujua umeme wangu unatoka wapi. Sehemu yake unazalishwa hapahapa mkoani: masista Wabenediktini wa Chipole wana mtambo wa maji pale Tulila, kwenye mto Ruvuma, megawati 5, na umeme wanauza kwenye gridi. Najivunia sana hilo. Halafu kuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji: mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na mwaka 2025 yote tisa ikawa imekamilika. Aliyepitia mgao wa mwishoni mwa 2023 hahitaji kuelezwa maana ya tarakimu hizo. Mwezi ule nilirudisha mahindi ya watu bila kuyasaga, na kuna mama mmoja alibeba debe lake kichwani akaondoka bila kuniaga. Tangu mitambo ile ianze kuwaka, sijaona tena ratiba ya mgao ikibandikwa.

Sasa nyota moja niliyoizuia.

Umeme mwingi kule Rufiji haunisaidii kama transfoma ya mtaani imezidiwa. Yetu ilikuwa ya KVA 100. Ilipofungwa, mtaa ulikuwa na nyumba chache na mashine yangu tu. Wakaja wachomeleaji, saluni, mabucha yenye friji, na mashine nyingine mbili za kusaga. Nina kipimo cha volti kwenye boksi la swichi. Kwa fezi tatu sindano inatakiwa ikae kwenye 400 au karibu. Kufika saa moja jioni nilikuwa naiona inashuka mpaka 340. Niliandika barua kwa shirika la umeme, TANESCO, nikaambiwa suala liko kwenye bajeti. Nikaandika ya pili. Kabla haijajibiwa, mota ikaungua, na fundi akanionyesha nyaya zilizokuwa nyeusi kama mkaa: “Mama, hii siyo mota mbovu. Imekufa kwa njaa ya umeme.” Kuisuka upya kulichukua siku sita. Transfoma ya KVA 200 ililetwa miezi tisa baada ya barua ya kwanza. Vijana walioifunga walifanya kazi nzuri sana, tangu asubuhi mpaka giza, na waliniachia mtaa msafi. Lakini miezi tisa!

Jambo jingine ni kwamba umeme wa gridi unatufikia kwa njia moja tu ndefu. Radi ikipiga kule milima ya Njombe, sisi tunazimikiwa huku jua linawaka. Ndiyo maana naufuatilia kwa shauku ule mradi wa kuivuta njia kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi. Siku upande wa kusini utakapotushika mkono wa pili, nyota ya tano mtaiona.

Kuhusu bei, uniti moja inanitoka kama shilingi 356. Tokeni ya 10,000 inanipa uniti 28 na senti zake, na mota yangu ya farasi 20 ikiwa na mzigo inazimaliza ndani ya saa mbili. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa na kodi ya jengo, kwa hiyo usishangae uniti zikija pungufu. Nikilinganisha na dizeli, bado sina hamu ya kurudi kule.

Wenzangu wa mashine, fungeni kipimo cha volti na muandike namba kwenye daftari, saa na tarehe. Barua yangu ya tatu ilikuwa na kurasa mbili za namba, na ndiyo iliyojibiwa kwa vitendo. Jana saa moja na nusu jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha taa na mimi nina magunia mawili kwenye foleni, sindano ilisimama kwenye 392.