Mustang GT ya 2018 Kwenye Robo Maili: Pesa Ianzie Kwenye Tairi

Kwa anayetafuta gari la mbio za drag (mbio fupi za kuongeza kasi kwenye mstari ulionyooka) nchini Marekani na mfuko wake si mnene, Ford Mustang GT ya 2018 na kuendelea, yenye gia otomatiki, ndilo gari la kuanzia. Injini yake, Coyote V8 ya lita 5.0, inatoa nguvu farasi 460 kwenye toleo la 2018, na gia boksi ya 10R80 ina gia 10 zilizokaribiana, kwa hiyo mizunguko ya injini haishuki sana kila gia inapobadilika. Likiwa kama lilivyotoka kiwandani, linamaliza robo maili, yaani mita 402, kwa sekunde 12 na ushei.

Wengi huanza na egzosi. Sauti inanoga, muda haupungui. Pesa ya kwanza iende kwenye tairi laini za drag za nyuma, saizi 305/45R17, pamoja na rimu zake za inchi 17. Kipenyo chake kinakaribiana sana na cha 275/40R19 za kiwandani, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Kama gari lina breki za mbele za Brembo za pistoni 6, rimu za mbele ziache zile zile, maana nyingi za inchi 17 hazipiti juu ya kalipa ya breki. Nati zikazwe hadi Nm 204, kisha zirudiwe baada ya kilomita 80 hivi.

Tairi zikianza kushika, udhaifu wa gari hili unajitokeza: nyuma linadundadunda. Saspensheni ya nyuma inajitegemea kila upande, na fremu ndogo inayoibeba imekaa juu ya bushi laini za mpira. Fremu inajikunja, inarudi, tairi inaachia na kushika tena, na kila kishindo kinapiga shafti za magurudumu na difu. Hapo ndipo vitu vinapovunjika. Dawa yake ni vifungo vya kuibana fremu isicheze, na bushi ngumu za difu. Ni kazi ya siku moja kwa fundi mwenye jeki nzuri, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na difu mpya. Usiende mbele kabla ya hapo.

Nguvu ndiyo ifuate. Matoleo haya yana injekta za aina mbili, ndani ya silinda na kwenye mlango wa hewa, ndiyo maana yanaweza kutumia E85 (petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi) kwa kubadilisha programu ya kompyuta ya injini tu. Mgandamizo wa 12:1 unaipenda sana mafuta hiyo. Ulaji wa mafuta unapanda kwa karibu asilimia 30, na kabla ya kumimina pima kiwango cha ethanoli, kwa kuwa kiwango hicho kwenye pampu za vituo hubadilika kwa majira. Tairi, fremu na E85 vikikaa sawa, sekunde 11 na kidogo zinapatikana bila kufungua injini.

Uwanjani, upepo wa tairi za nyuma uanzie psi 18, kisha ushushe au upandishe moja moja. Zunguka dimbwi la maji la kupashia tairi za nyuma, usipitishe tairi za mbele ndani yake. Zitabeba maji hadi mstari wa kuanzia. Line lock (mfumo wa kufunga breki za mbele ili tairi za nyuma zizunguke) ya kiwandani inashika breki za mbele kwa sekunde 15 tu, nazo zinatosha kupasha tairi. Helmeti yenye alama ya usalama ya Snell au SFI ni lazima kwa NHRA, chama kinachosimamia mbio za drag Marekani, ukishuka hadi sekunde 13.99, kwa hiyo iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Supacharja, mashine ya kusukumia hewa zaidi kwenye injini, isubiri. Gia za pampu ya oili za Coyote ni za chuma cha unga kilichoshinikizwa, na injini ikigonga kikomo cha mizunguko mara kwa mara zinaweza kupasuka. Weka kwanza za chuma kigumu.

Kabla ya kulipia gari lililotumika, liendeshe likiwa baridi, kisha likiwa moto. Katika 10R80, bushi ya ngoma ya klachi huweza kusogea, presha ya oili ya gia boksi ikapotea. Dalili ni gia kupiga kishindo au kusita, hasa kati ya ya 3 na ya 5. Likifanya hivyo, tafuta jingine.