Viatu vya kuingilia mtoni kiangazi: nilivyovijaribu Lukuledi

Maji ya mto Lukuledi yakishatulia, kuanzia Juni hivi, sisi wa huku Mingoyo, mkoani Lindi, tunashuka mtoni na ndoano. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, na muda wote huo mto unashuka na tope na magogo. Hakuna wa kuuingia. Kiangazi ndipo unaweza kusimama maji yakiwa magotini, ukatupa mshipi upande wa pili penye kivuli ambako perege na kambale wamejibanza. Na kila kiangazi nakuta watu wameingia na viatu ambavyo havina kazi mtoni. Huyu anachechemea kidole kimepasuka kwenye jiwe, yule anaikimbiza ndala yake inayoelea kuelekea Lindi. Inaniuma, kwa sababu kiatu kinachofaa kipo, tena si cha bei.

Mimi ni mwanamke, mguu wangu ni namba 38, na ndoano nilifundishwa na baba yangu. Hilo la namba naliweka mapema kwa sababu lina uzito kwenye haya ninayoyasema.

Nianze na gambuti, maana ndizo kila muuzaji atakazokushikisha ukimwambia unaenda mtoni. "Dada, chukua hizi, maji hayaingii." Ni kweli hayaingii, mpaka yatakapopita juu ya mdomo wa buti. Ukiteleza kidogo tu kwenye shimo, yanajaa, na hayana pa kutokea. Lita moja ya maji ni kilo moja, na buti la kufika chini ya goti linameza lita kadhaa. Sasa jaribu kupanda kingo na mzigo huo kila mguu. Kwenye tope la mikokoni, huko chini mto unakokutana na maji ya chumvi, ni mbaya zaidi: tope linalishika buti, mguu unatoka, buti linabaki. Na kwa sisi wenye miguu midogo, gambuti nyingi za madukani ni za saizi za wanaume. Nilivaa namba 40 na soksi mbili, bado kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka ndani kwa kila hatua, jioni nikarudi na malengelenge.

Zina pahala pake, hata hivyo. Kwenye majaruba ya mpunga na madimbwi ya maji yaliyosimama, ambako maji hayavuki kifundo, gambuti ndizo bora kuliko vyote, na sababu yake ni kichocho, nitaifikia.

Ndala sizipigii hata hesabu. Mkanda unachomoka penye tope la kwanza.

Yeboyebo ni nyepesi, zinakauka papo hapo, watoto wanazipenda. Tatizo ni soli. Plastiki ile ikikutana na jiwe lenye ute wa kijani, hakuna kushika kabisa. Kokoto nazo zinapitia kwenye matundu na kukaa chini ya unyayo, na kwa kuwa kiatu hakifungwi, mkondo ukiwa na nguvu kidogo unakivua. Mchangani, penye maji ya kifundo, sawa.

Katambuga zina watu wake, na mjomba wangu ni mmoja wao. Anakwenda nazo kutega migono na hataki kusikia habari nyingine. Namwelewa: tairi la gari halitobolewi na mwiba wala kisiki, na njia ya kutoka nyumbani hadi mtoni ina miiba kuliko mto wenyewe. Lakini nilipomwangalia vizuri akivuka penye mawe, niliona anatembea kwa kukaza vidole vya miguu kwa nguvu, kwa kuwa mguu uliolowa unateleza ndani ya kiatu chenyewe, mbali na kiatu kuteleza juu ya jiwe. Vidole navyo viko wazi. Kambale ana mwiba kila upande nyuma ya kichwa, na akitolewa majini anaisimamisha ikawa migumu. Akiruka kutoka mkononi akaanguka miguuni pako, utajua umuhimu wa kiatu kilichofunika vidole. Huku mikokoni kuna chaza walioshika kwenye mizizi, na ganda la chaza linakata kama wembe.

Kwa hiyo mimi navaa raba. Raba ya kitambaa, ya kufunga kamba, iliyofunika vidole, kutoka kwenye mitumba. Sijaona kinachoishinda kwenye mto kama wetu wenye mchanga, mawe na tope kwa pamoja. Maji yanaingia, na hilo ndilo linalowatisha watu. Lakini yanaingia na yanatoka. Mguu unalowa hata hivyo. Kinachotakiwa ni kiatu kisichokaa na maji, kisichovuliwa na mkondo, na kinachokuacha uhisi unakanyaga nini.

Kwenye kuchagua ndiko penye kazi. Mitumba ni lazima uipekue kwa mkono. Zile raba nene za kukimbilia, zenye soli ya sponji, zipite hata kama zinang'aa. Nyingi zimekaa miaka, sponji imekufa ndani kwa ndani. Bonyeza soli kwa kidole gumba, ikimomonyoka au ikiacha unga, rudisha ulipoitoa. Gundi yake nayo inaachia ikilowa mara kwa mara. Ngozi pia usichukue: ikilowa na kuanikwa inakakamaa na kusinyaa. Tafuta kitambaa, soli ya mpira bapa, na ule utepe wa mpira unaozunguka kiatu chote uwe haujaanza kubanduka pale kiatu kinapokunjika karibu na vidole. Kikunje mbele ya muuzaji, asikuharakishe. Saizi, ongeza moja, kwa sababu utavaa na soksi nene. Soksi ndiyo inayozuia mchanga usikuchubue. Mimi wa 38 nachukua 39, na kwenye mitumba 39 zipo tele.

Nilinunua zangu kwa Sh 12,000, nikazipeleka kwa fundi viatu mmoja pale Lindi mjini. Alinisikiliza vizuri, ndiyo maana namsifu. Kwanza alitoa ile sponji ya ndani, kwa sababu inakunywa maji na kujikunja chini ya unyayo. Halafu akaweka kidole kwenye upinde wa mguu, upande wa ndani, chini kabisa karibu na soli, akasema, "Mama, maji yatokee hapa. Tukitoboa mbele, utabeba mchanga." Akatoboa matundu mawili kila kiatu, na kila tundu akaligongea kipete cha chuma kama vile vya kupitishia kamba, ili kitambaa kisichanike. Sasa ukikanyaga unaona maji yanaruka pembeni, na ukipanda kingo, hatua chache tu kiatu kimeshakuwa chepesi. Kazi hiyo alinitoza Sh 4,000.

Kamba za pamba zikilowa zinavimba, fundo linashika; za nailoni zinateleza na kufunguka. Natumia za pamba, nafunga mara mbili, na ncha nazichomeka ndani. Ncha inayoning'inia itanaswa na mzizi ukiwa katikati ya mto.

Kitu kimoja cha kuongeza ni kapeti. Wavuvi wa nchi za baridi wana mabuti maalumu ya mtoni yenye soli ya felti, kitambaa kizito kilichoshindiliwa, kwa sababu kinashika mawe yenye utelezi kuliko mpira. Hapa sijayaona yakiuzwa, lakini fundi alikata kapeti la nyuzi fupi, lile gumu la kutandika ofisini, akaligundisha chini ya jozi yangu ya pili. Kwenye mawe yenye ute nilikuwa nasimama wima pale ambapo na soli ya mpira nilikuwa nikitambaa. Kwenye tope, hapana: nyuzi zinashika udongo, soli inakuwa nene na laini, unateleza kuliko mwanzo. Kwa hiyo kapeti ni kwa anayevua juu, penye mawe. Wa mikokoni abaki na mpira.

Na anayevaa soli ya aina hiyo ajue kwamba haikauki haraka na inabeba vitu. Nyuzilandi walipiga marufuku soli za felti mwaka 2008, baada ya kupata mwani mdogo sana wa mtoni uliokuwa unaenea mto hadi mto, na soli zile zinakaa na unyevu kiasi cha kuuhifadhi ukiwa hai. Zangu nazisugua kwa brashi na sabuni, nazianika mpaka zikauke kabisa kabla ya kuzipeleka mto mwingine, kama Mbwemkuru.

Sasa kichocho. Raba haikukingi nacho hata kidogo, na ukanda wetu wa pwani kipo. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa maji baridi yaliyotulia, penye majani, vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, na vinatoka kwa wingi jua linapokuwa kali. Mimi naingia asubuhi, penye maji yanayotembea na mchanga mweupe, saa tano nimeshatoka. Ukiona mkojo wenye damu, nenda kituo cha afya ukapimwe; dawa yake, prazikwanteli, inatibu. Wazazi nawaomba sana wasiupuuze mkojo wa namna hiyo kwa mtoto eti ni wa kawaida kwa watoto wa mtoni. Na kabla ya kuingia mahali usipopazoea, waulize wenyeji habari za mamba. Wakikuambia wapo, vulia nchi kavu.

Kwa watoto msihangaike na mitumba. Raba za michezo za shule zinatosha, saizi ndogo zipo, na kamba wanajua kuzifunga.

Jozi ya kapeti imeanza kuachia gundi vidoleni. Nimeirudisha kwa fundi aishone kuzunguka kwa uzi wa nailoni, na ameniambia safari hii atapitisha sindano ndani ya mpira wenyewe badala ya kushona ukingoni tu. Hiyo Sh 2,000 nyingine.