Mantegna na Bellini: bustani moja, nuru mbili

Andrea Mantegna, mchoraji wa Italia wa karne ya 15, alimwoa Nicolosia Bellini mwaka 1453, akawa shemeji wa mchoraji mwenzake Giovanni Bellini wa Venice. Wote wawili walichora Yesu akisali Gethsemane, na picha hizo mbili sasa zimo katika National Gallery ya London.

Katika picha ya Mantegna, miamba ina kingo kali kana kwamba imechongwa kwa patasi, sungura wako njiani, na Yerusalemu imejengwa kwa mtindo wa Kirumi, kwa kuwa mchoraji huyu aliihusudu mno sanaa ya kale. Bellini alifuata mpangilio unaokaribiana na huo, lakini akaleta mapambazuko: mawingu yameshika rangi ya waridi upande wa chini, vilima vinaanza kupata mwanga, na huzuni ya Yesu inasomeka katika hewa yenyewe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipompita shemeji yake.

Mantegna alihamia mji wa Mantua mwaka 1460 kuwatumikia watawala wa ukoo wa Gonzaga, na dari aliyoichora humo, inayoonekana kama imefunguka kuelekea angani, iliwafungulia njia wachoraji wa dari waliomfuata. Bellini alibaki Venice, akazoea rangi za mafuta, na Titian, aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri, akajifunza katika karakana yake.