TAHADHARI: Fundi wa kompyuta anauza pawasapulai (kile kifaa cha ndani kinachoipa kompyuta umeme) kuukuu kwa stika mpya, mimi nimeshalizwa

Jamani, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Yule fundi niliyewasifia, nikawatuma na wengine kwake, ni tapeli. Sifa zote nazifuta, na waliokwenda kwa neno langu naomba mnisamehe.

Kompyuta yangu mnaijua na visa vyake mnavijua. Inazima ghafla, ukibonyeza swichi kimya, ukiiacha nusu saa inawaka kama kawaida. Nilishabadilisha kebo, nikaondoa ekstensheni, nikahamia soketi nyingine, wapi. Nikaibeba mpaka kwake.

Akaifungua, akainamisha pua, akanusa. "Dada, pawasapulai imeungua hii, unasikia harufu?" Nami nikasikia! Harufu ambayo leo nina hakika haikuwepo, nilisema naisikia. Akachomoa ile ya kwangu, akaleta nyingine imeandikwa wati 650, stika inang'aa. Akakunja kipande cha waya, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye ile plagi kubwa ya pini 24, ili iwake bila kufungwa kwenye kompyuta. Feni ikazunguka. Akachukua multimita, kile kipimo cha umeme, ncha moja kwenye waya wa njano, nyingine kwenye mweusi, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: 12.1. Kisha waya mwekundu: 5.0. "Soma mwenyewe dada, usije ukasema nimekudanganya."

Nikasoma. Na msiniambie nilikuwa mjinga, kwa sababu najua kwamba volti 12 inaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6, nilishasoma hayo. Namba zilikuwa sahihi kabisa. Mtu anakuonyesha kipimo mbele ya macho yako, hakimbii, hana haraka, anakuita dada, anakufutia na vumbi ndani ya kesi, yaani kasha la kompyuta, bure. Ungemkatalia kwa lipi? Nikalipa. Ile ya zamani akasema ni takataka, atanitupia yeye. Nikamshukuru! Hiyo shukrani ndiyo inayonichoma kuliko hata hela.

Nyumbani nikafungua kazi nzito ya video. Dakika chache tu, giza. Nikawasha, giza tena. Sasa ikawa mbaya kuliko mwanzo, maana ile ya zamani ilikuwa inazima hata nisipofanya lolote, hii inazima kila ninapoipa kazi.

Mdogo wangu ndiye aliyekuja na pawasapulai yake anayoiamini, tukaifunga. Video ikaenda mpaka mwisho bila kuzima. Lakini baadaye, mashine imekaa tu, ikazima yenyewe. Akachomoa zile nyaya mbili za swichi ya kuwashia pale kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, akagusisha pini mbili kwa ncha ya bisibisi ikawaka, tukaiacha. Ikakesha mpaka asubuhi. Kumbe swichi ya mbele ya kesi ilikuwa inanasa ndani, na mazabodi inaona kama mtu ameishikilia. Ukiishikilia sekunde nne hivi, kompyuta inazima. Tatizo lote lilikuwa kidude hicho! Pawasapulai yangu ilikuwa nzima, na yeye ndiye amebaki nayo. Sasa hivi ameshamuuzia mtu mwingine, naapa.

Ile ya wati 650 tukabandua stika. Chini yake kuna stika nyingine: 250. Kuchungulia kwa tochi kwenye matundu, kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zimevimba vichwa. Ndiyo maana kipimo chake kilikuwa kizuri: bila mzigo hata mbovu inaweza kusoma 12. Inaanguka ikipewa kazi.

Mtu kama huyu afungwe. Simtakii mema hata kidogo. Nimerudi kwake na ile stika mkononi, ananiambia labda nimeibandika mwenyewe! Mbele ya wateja! Afungiwe duka, vifaa vyake vikaguliwe kimoja kimoja, na kila aliyemwachia kitu "akitupe" arudishiwe.

Dalili zilikuwepo. Ilikuwa nyepesi mno kwa wati 650, nyaya zake nyembamba, kona moja ya stika imejikunja. Risiti aliandika "kifaa cha kompyuta" basi, hakuna wati wala namba. Na hakuniuliza hata swali moja, inazima wakati gani, ukiwa unafanya nini. Fundi yeyote akupimie pawasapulai ikiwa imefungwa kwenye kompyuta na kompyuta inafanya kazi nzito. Kifaa chako cha zamani usimwachie.

Nimeshapeleka malalamiko pamoja na picha za stika zote mbili. Ambaye naye amelizwa na huyu fundi anitafute faragha, twende pamoja, maana nikienda peke yangu atasema tena nimebandika mwenyewe.