Canon 50mm f/1.8 STM: inashika jicho, lakini pa kulituliza utapatafuta mwenyewe

Kwa anayetaka mtazamaji atue pale alipopakusudia bila kuuza shamba, Canon EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 bado ndiyo lenzi ya kuanzia. Ni nyepesi, gramu 160 hivi. Kwenye kamera za APS-C, zile zenye kihisi kidogo, inaona kwa ufinyu kama lenzi ya milimita 80: tamu kwa uso, ila vichochoro vya River Road, Nairobi, vitakubana.

Mchukue muuza mahindi choma aliye mita 1.5 mbele yako. Kwa f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, eneo lenye ukali halizidi sana sentimita 6. Fokasi ikitua kwenye hindi, uso unafifia, na kwa kuwa jicho la binadamu hukimbilia uso hata wenye ukungu, mtazamaji hajui ashike lipi. Funga apacha, yaani tundu hilo, hadi f/4, upate kama sentimita 14, na usubiri ainamie jiko kupuliza makaa. Hapo uso na hindi viko umbali mmoja.

Wengi hudhani ukungu wa nyuma unafuta kila kitu. Mwanga haufutiki. Taa ya matatu ikiingia kwenye ukungu inageuka duara kubwa jeupe, na inaiba jicho kuliko ingeonekana bila ukungu. Sogea hatua moja kando mpaka ijifiche nyuma ya bega lake. Hata lenzi ya laki mbili haitakusogezea mguu.

Usiiachie kamera ichague fokasi, maana mara nyingi inadaka kilicho karibu zaidi: mkono, ukingo wa jiko. Chagua nukta moja, uipeleke kwenye jicho lililo karibu nawe. Kufunga fokasi katikati kisha kugeuza kamera kunaponza kwa f/1.8, ukali unahama kope zikabaki na ukungu.

Saa sita mchana, kwa ISO 100 (kiwango cha chini cha kamera kuhisi mwanga), f/1.8 inadai kasi ya shata ya sekunde 1/8000 hivi. Kamera nyingi za bei ya chini zinaishia 1/4000, kwa hiyo picha inaungua kwa mwanga kupita kiasi. Ingia kivulini, au tafuta kichujio cha ND, cha kupunguza mwanga, cha milimita 49.

Ukinunua iliyotumika, geuza utazame inaposhikana na kamera: STM ni chuma, toleo la II lililoitangulia ni plastiki. Mulika tochi ndani kutafuta kuvu. Pete ya fokasi ikizungushwa bila kitu kusogea, usiikatae. Inategemea umeme wa kamera. Ivishe, washa, ndipo uijaribu.