Siku moja na chama cha kulinda kijiji, barabara ya Likasi

Nakaa Lubumbashi tangu nizaliwe, na kila juma nanunua makala (makaa) ya mbabula, jiko letu la kupikia, bila kuuliza yametoka wapi. Nilienda kutazama mabaki ya kazi ya shaba ya wazee wetu, nikarudi na habari ya makala yangu mwenyewe.

Ilikuwa siku ya posho (Jumamosi), mwisho wa mwezi wa tano. Nilikuwa na wifi yangu na watoto wangu wawili. Kijiji kiko upande wa barabara ya Likasi, na wanakijiji wenyewe ndio waliounda chama cha kulinda pori lao na mahali pa kale. Mgeni mtu mzima analipa dola 5, watoto bure. Uanachama ni dola 10 kwa mwaka.

Safari ilianza vibaya. Dereva tuliyepatana naye alitushusha njia panda, akasema gari lake haliingii kwenye vumbi lile. Tulitembea karibu saa nzima juani, mtoto mdogo mgongoni. Kosa hilo si la chama, lakini wangetuonya mapema kuhusu hicho kipande cha njia tungejipanga.

Aliyetutembeza ni mzee mmoja, Papa mwenye fimbo na maneno machache. Tulifika mahali ambapo miti inakatika ghafla, zimebaki nyasi fupi na mimea yenye maua ya zambarau, haifiki hata gotini. “Mama, simama hapo. Angalia unakanyaga nini.” Mmea huo wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense. Unaota kwenye udongo wenye shaba, na mara nyingi unaonyesha mahali ambapo watu wa kale waliyeyushia madini. Papa akakwangua udongo kwa fimbo, akatoa bonge jeusi, zito, lenye vitundu kama mkate, na upande mmoja doa la kijani. Mavi ya shaba, yaani taka zinazobaki madini yakiyeyushwa. Mwanangu wa kwanza alilishika kwa mikono miwili, hakusema kitu.

Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910, na Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ikamimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Mimi shuleni nilifundishwa kana kwamba habari ya shaba inaanzia hapo. Kumbe karne nyingi kabla, kiangazi baada ya mavuno, watu walikuwa wakijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wanapanga makala na mawe ya kijani yenye shaba ndani, wanapuliza kwa mivuo ya ngozi. Shaba waliimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama feza (pesa), na ilikuwa mahari. Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, makaburi yalipochimbwa mwaka 1957 na 1958 misalaba ilikutwa pamoja na maiti. Chama hakina msalaba hata mmoja; kuiona, nenda makumbusho ya hapa mjini.

Tulipotaka kuondoka, Papa akamwomba mwanangu, kwa upole kabisa, atoe kile kipande alichotia mfukoni, akirudishe palepale kilipotoka. Akangoja mpaka kimerudi. Niliona aibu kidogo, lakini nilimheshimu sana.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni pori. Yale matanuru yalikula makala, na makala ni miti. Mti wa miombo ukikatwa haufi, kisiki kinachipuka, isipokuwa moto ukikute. Vijana wa chama wanachoma mikanda ya nyasi mwezi wa tano na wa sita, wakati bado zina unyevu na moto unatambaa chini. Moto wa mwezi wa tisa, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, unaua machipukizi mengi. Tulionyeshwa vipande viwili vilivyokatwa pamoja. Kimoja kiliungua mwisho wa kiangazi: visiki vyeusi na nyasi tupu. Kingine kililindwa. Wifi yangu aliinama kwenye kisiki kimoja akahesabu machipukizi 11. Watabakiza mawili au matatu yenye nguvu.

Na hawakatazi makala. Wanagawa pori mafungu, wanakata fungu moja, mengine yanapumzika. Mama mmoja wa chama aliniambia, “Tukikataza, watoto watakula nini?” Nimeona mashirika mengi yanayokuja na makatazo tu, kwa hiyo neno hilo lilinifurahisha.

Chakula kilikuwa bukari (ugali), matembele na samaki mkavu, na kinywaji cha munkoyo, kitamu sana. Lakini chakula kilifika saa tisa, watoto wakiwa wamelegea kwa njaa. Beba mkate na maji. Choo ni kimoja, hakina mlango, pazia tu. Risiti hakuna: jina lako na kiasi vinaandikwa kwenye daftari, unatia sahihi, na ukitaka wanakufungulia kurasa za matumizi uone feza zilikoenda. Mimi niliomba, wakanionyesha bila kununa. Nikalipa uanachama hapohapo. Tutarudi mvua zikishika, msimu wa vinkubala, viwavi wa kula.

Juma lililofuata nilimuuliza mama anayeniuzia makala sokoni yanatoka wapi. Akaweka kopo chini, akafikiri. “Zamani yalitoka hapa karibu tu. Siku hizi gari linalala njiani.”