Uzoefu wangu: kuchora meza kwa FreeCAD na kuikata kwa mashine ya CNC

FreeCAD ni programu ya kuchora vitu kwa vipimo kwenye kompyuta, nami ninampendekezea seremala yeyote mwenye kompyuta; sababu yangu kubwa ni jedwali lake la vipimo. Ni ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta haidai intaneti, jambo ambalo kwa sisi tunaonunua bando hapa Dar es Salaam ni nafuu ya kweli. Ila ubure peke yake usingenifanya niandike. Nimeichorea meza ya kulia chakula, nikaikatisha kwenye karakana yenye CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, na meza hiyo imesimama bila msumari wala skrubu.

Meza ni ya plaiwudi ya milimita 18. Ina fremu mbili za miguu, moja kila upande, na upau mmoja mrefu chini ya uso wa meza unaoziunganisha. Kila ncha ya upau ina ulimi unaopenya tundu la fremu na kutokeza upande wa pili, halafu kabari inapigwa kwenye ulimi huo na kuvuta kila kitu kikaze. Fremu nazo zina ndimi fupi juu zinazoingia kwenye matundu ya uso wa meza. Ukihama nyumba unagonga kabari zitoke, vipande vinalala bapa nyuma ya Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Kufunga kwa kabari ni ufundi wa kale, maseremala wanaujua. Nilichokitaka kwenye mashine ni matundu yanayolingana kabisa, yote.

Hapo ndipo jedwali linapofanya kazi. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 18 mara nyingi haifiki 18. Ipime kwa kalipa utakuta 17 na nukta kadhaa, na shiti ya mzigo mwingine inaweza kukupa namba tofauti. Tundu likizidi nusu milimita, meza inayumba. Likipungua, unagonga nyundo mpaka tabaka za plaiwudi zinaachana. Kwenye FreeCAD unaandika vipimo ndani ya seli na kuipa kila seli jina. Mimi nina seli inayoitwa unene na nyingine inayoitwa ulegevu, yaani nafasi ndogo kati ya ulimi na tundu, yenye milimita 0.2. Kila tundu kwenye mchoro linasoma upana wake kutoka seli hizo mbili. Siku ya kukata unapima shiti iliyo mbele yako, unabadilisha namba moja, na matundu yote ya meza nzima yanajirekebisha. Kwa anayechora kwa mkono, au kwa programu isiyo na uwezo huu, ni kufuta na kuchora upya tundu moja moja.

Faida nyingine sikuitegemea: mfano mdogo wa meza wa karatasi ngumu ya boksi. Nilichapisha vipande kwenye karatasi za A4 kwa kipimo cha moja kwa tano. Boksi nililokuwa nalo lilikuwa la milimita 3, kwa hiyo niliandika unene 15 kwenye seli, na matundu yakatoka sawa na boksi. Nilikata kwa wembe, nikaunganisha meza ndogo juu ya kiganja, nikaisukuma ubavuni. Iliyumba. Nikaongeza kimo cha upau, ikatulia. Kwa ubao unaosimama kwa ukingo, ukizidisha kimo mara mbili, ukinzani wake dhidi ya kupinda unaongezeka mara nane, na jambo hilo unalihisi kwenye vidole hata kwa boksi. Nawasihi wote wanaokata kwa CNC wafanye hivi kabla ya kununua plaiwudi.

Sasa ugumu wake. FreeCAD haipendi mchoro wa kubahatisha: inafaa kila mstari uufunge kwa kipimo au kwa uhusiano na mstari mwingine, na mchoro ukishafungwa wote unageuka kijani. Aliyezoea kuchora huru ataona anabanwa, na siku za mwanzo zinachosha. Pia matoleo ya kabla ya 1.0, lililotoka Novemba 2024, yalikuwa na udhaifu unaojulikana: ukibadilisha hatua ya nyuma, programu ilichanganya nyuso na kingo, na hatua za mbele zikavurugika. Toleo la 1.0 limepunguza sana tatizo hilo ingawa halijaisha. Dawa yake ni kuuegemeza kila mchoro kwenye bapa za msingi, zile za kudumu ambazo programu huanza nazo, siyo kwenye uso wa kipande. Na usisubiri programu ikupangie vipande kwenye shiti. Mimi nilipanga kwa mkono. Uso wa meza wa milimita 1400 kwa 700, fremu mbili na upau vyote vilienea kwenye shiti moja ya futi 8 kwa 4, upau ukifuata nyuzi za juu za plaiwudi ili usilegee.

Kuna kitu wageni wa CNC hukikuta karakanani. Biti, yaani kisu cha mashine kinachozunguka, ni ya duara, kwa hiyo haiwezi kuacha kona ya ndani yenye pembe kali. Kwa biti ya milimita 6, kila kona ya tundu inabaki na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3, na ulimi wenye kona za mraba hauingii. Lazima uongeze kiduara kidogo kwenye kila kona ili biti ipite zaidi ya pembe. Sehemu ya CAM ya FreeCAD, ile inayopanga njia za biti, inaweza kuviweka viduara hivyo yenyewe, pamoja na vishikizo vidogo vinavyozuia kipande kisicheze wakati wa kukatwa. Lakini karakana nyingi zinataka faili la DXF, lenye mistari ya mchoro tu, ili zipange njia za biti kwa programu zao, na hapo viduara unavichora mwenyewe.

Swali la kwanza la mwendesha mashine lilikuwa, "Kaka, faili lako ni milimita au inchi?" Swali zuri sana. Tangu hapo kila faili langu lina mraba wa milimita 100 pembeni. Akiupima kwenye skrini na kukuta 100, tunaendelea. Kabla ya shiti nzima tulikata kipande kidogo chenye tundu moja, tukajaribisha ulimi. Biti waliyoanza nayo ilikuwa ya kuvuta unga juu, ikachana uso wa plaiwudi kwenye kingo. Niliomba ile ya kusukuma chini na kingo zikatoka safi. Iulizie mapema, kwa sababu muda wa mashine unaulipia.

Vishikizo nilivikata kwa patasi, nikapiga msasa, halafu vanishi. Kwenye ndimi na ndani ya matundu usipake: ule ulegevu wa 0.2 ni mdogo, tabaka mbili za vanishi zinaumaliza, na unyevu wa pwani nao unavimbisha mbao. Kwa meza za aina hii naipa FreeCAD nyota 4 kati ya 5. Nyota ya tano itakuja siku itakapopanga vipande kwenye shiti bila mimi.